Wauza Nyama wa Kijerumani katika Miji ya Uingereza, 1914 hata 1919

Tunapochunguza desturi za watu, mara nyingi twatazama mambo yao ya siku za amani: namna waoavyo, wazikavyo, wapokeavyo wageni na kugawanya urithi. Lakini iko desturi nyingine isiyoonekana ila siku ya msiba, nayo ni namna watu wamtendeavyo mgeni aliyekaa kwao miaka mingi, wakamzoea na kula chakula cha mkono wake, siku ile nchi ya baba zake iingiapo vitani na nchi yao. Habari tunayoieleza hapa ni ya namna hiyo. Ilitokea Uingereza katika vita kuu ya kwanza, nayo yawahusu watu wadogo, wenye maduka ya nyama, ya mikate na ya kunyoa nywele, ambao asili yao ilikuwa Ujerumani. Hawakuwa na cheo, wala majina yao hayamo katika vitabu vya majemadari. Twaiandika kwa walimu na makasisi kwa kuwa kazi yao ni kukaa na watu siku ya msiba, tena kwa kuwa mwisho wa habari hii wafika mpaka Tabora na Kilimanjaro.

1. Maneno machache kwanza

Yafaa tuyapime maneno machache kabla ya kuingia katika habari, maana katika mambo haya maneno yalitangulia mawe.

Neno duka tumelipata kwa Wahindi, na asili yake ni neno wanalolitumia Waajemi na Waarabu pia. Jirani ni neno la Kiarabu, nalo kwao ni la wingi, yaani watu wakaao karibu. Kiswahili kimelifanya la mtu mmoja, hata twasema jirani na majirani. Adui nalo ni la Kiarabu. Lakini mgeni ni neno letu la Kibantu, nalo lina upana mkubwa: ni yule aliyealikwa kula, ni yule aliyetoka nchi ya mbali, tena ni yule asiyejua njia za mahali. Kiingereza hakifanyi hivyo. Mgeni wa mezani ana neno lake, na mgeni wa nchi nyingine atajwaye na sheria ana neno jingine, neno kavu lisilo na harufu ya chakula. Hata Agosti 1914 sheria ikawapa watu hawa jina liliunganishalo neno hilo kavu na neno la adui: mgeni adui. Tangu siku hiyo kinyozi aliyenyoa wanaume wa mtaa mzima kwa miaka 20 alichukua jina lile lile la askari aliye katika handaki kule Ufaransa na bunduki yake.

Na huyo Mjerumani mwenyewe, wazee wetu wa pwani walimwita Mdachi, wakifuata jina ajiitalo kwa lugha yake. Mjerumani ni jina alilopewa na wengine. Tutaona mbele kwamba watu hawa waliteswa sana kwa ajili ya majina waliyopewa na wengine.

2. Walikotoka na kazi yao

Nchi ya Hohenlohe iko kaskazini mashariki ya Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Ni nchi ya wakulima na wafugaji wa ng'ombe na nguruwe. Kwa desturi ya huko shamba halikukatwa vipande kila baba alipokufa, bali lilirithiwa zima na mtoto mmoja. Ndugu zake walipewa fungu dogo, kisha ikawapasa kutafuta riziki penginepo. Wengi walijifunza kuchinja na kutengeneza nyama, na katika karne ya 19 wakaanza kuvuka bahari kwenda miji ya viwanda ya kaskazini mwa Uingereza: Sheffield, Hull, Leeds, Bradford, Keighley, Manchester na Liverpool.

Huko waliona nafasi ambayo wenyeji hawakuiona. Katika miji ile wanawake wengi walifanya kazi viwandani tangu asubuhi hata jioni, nao waliporudi nyumbani hawakuwa na nguvu wala muda wa kupika. Mdachi alichukua nguruwe, asitupe kitu chake: akafanya soseji, akachemsha miguu, akakausha mapaja, akatia nyama ndani ya unga na kuioka, kisha akaiuza ikiwa bado ya moto. Mwenye senti chache aliweza kuwalisha watoto wake usiku ule ule. Ndiyo maana duka la Mdachi lilikuwa katika mitaa ya maskini hasa, si katika mitaa ya matajiri.

Yeye aliyefanikiwa aliandika barua kwao, akaomba aletewe kijana. Kijana akaja, akalala katika chumba cha juu ya duka, akajifunza kazi na lugha, na baada ya miaka kadhaa akafungua duka lake katika mtaa mwingine au mji mwingine. Hivyo vijiji vichache vya Hohenlohe vikawa na watoto wao katika kila mji wa kaskazini. Wengine walioa wasichana wa kwao, na wengine walioa Waingereza. Watoto wao walisoma shule moja na watoto wa mtaa, wakazungumza Kiingereza cha mtaa ule. Siku ya Jumapili waliopenda walikutana katika makanisa ya Kijerumani, ambayo mengi yalijengwa na kudumishwa kwa sadaka za watu wa namna hii.

Mbali na hawa walikuwako waoka mikate, vinyozi, mafundi cherehani na watumishi wa hoteli, hasa London. Katika hesabu ya watu ya 1911 watu wa asili ya Ujerumani katika Uingereza na Wales walipita 53,000, na karibu nusu yao walikuwa London. Wengi hawakuwa wamejiandikisha uraia. Kujiandikisha kulitaka pauni 5, nazo zilikuwa fedha nyingi kwa mtu wa duka dogo. Tena katika siku za amani hakuna aliyeona haja yake. Alilipa kodi yake, alijulikana na polisi wa mtaa, akadhani yatosha.

3. Mwaka wa 1914

Uingereza iliingia vitani tarehe 4 Agosti 1914. Kesho yake Bunge lilipitisha sheria juu ya wageni. Kila Mjerumani aliyekuwa hana uraia wa Uingereza ilimpasa kujiandikisha kwa polisi, wala hakuruhusiwa kwenda zaidi ya maili 5 kutoka nyumbani kwake pasipo kibali. Kwa sheria ile ya zamani kwamba mke hufuata uraia wa mumewe, mwanamke wa Kiingereza aliyeolewa na Mjerumani alihesabiwa kuwa mgeni adui katika mji aliozaliwa.

Ndipo ikaja hofu ya wapelelezi. Wapelelezi walikuwako kweli, wala haifai tufiche. Kinyozi mmoja wa London alikutwa akipokea na kupeleka barua za wapelelezi wa Ujerumani, akahukumiwa kifungo mwaka ule ule wa 1914. Katika vita nzima wapelelezi 11 walipigwa risasi katika ngome ya Mnara wa London. Lakini tuipime hesabu hiyo: watu 11, karibu wote waliotumwa toka nje wakati wa vita, na upande mwingine maelfu ya watu waliokuwa wakiuza nyama na mikate mahali pamoja tangu ujana wao. Watu hawakuipima. Kila Mdachi aliyekuwa na taa dirishani alisemekana anawapa adui ishara, na kila mwoka mikate alisemekana ataitia sumu mikate yake.

Mwisho wa Agosti 1914, katika mji wa Keighley, umati ulivunja madirisha ya maduka ya wauza nyama wa Kijerumani na kuchukua vilivyomo. Oktoba mwaka ule, wakimbizi wa Ubelgiji walipofika na habari za mateso yao, watu wa Deptford, mtaa mmoja wa London, waliyavunja maduka ya Wajerumani usiku wa tarehe 17 na 18, hata ikabidi askari wa jeshi waletwe kuwasaidia polisi. Hizi zilikuwa dalili tu. Mvua yenyewe ilikuwa bado.

4. Mei 1915

Tarehe 7 Mei 1915 merikebu kubwa ya abiria iitwayo Lusitania, itokayo New York kwenda Liverpool, ilipigwa na nyambizi ya Wajerumani karibu na pwani ya kusini ya Ireland. Ilizama kwa dakika 18. Watu waliokufa walikaribia 1,200, na kati yao walikuwamo wanawake na watoto wengi. Liverpool ulikuwa mji wake. Mabaharia na wachochezi wa moto wake wengi walikaa katika mitaa ya maskini ya kaskazini ya mji, karibu na gati. Kwa hiyo msiba huu haukuwa habari ya gazeti kwao. Ulikuwa mume, mwana, au jirani wa mlango wa pili. Wake zao walisimama mbele ya ofisi ya kampuni ya merikebu wakingoja majina.

Yatupasa tusimame hapa kidogo. Ghasia zilizofuata ni kosa, wala hatulitetei; lakini asiyeanza na kilio cha wanawake wale hatafahamu kosa lilizaliwaje. Walikuwa na huzuni ya kweli, na hawakuwa na mahali pa kuipeleka. Aliyeizamisha merikebu alikuwa baharini, hawamjui wala hawawezi kumfikia. Mdachi alikuwa pembeni mwa njia, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya mlango.

Tarehe 8 Mei ghasia zilianza. Watu walivunja vioo, wakaingia, wakatoa nyama na kuigawanya. Kisha wakapanda vyumba vya juu walimolala mwenye duka na watoto wake, wakatupa chini vitanda, vyombo na vinanda. Walioshuhudia waliandika kwamba wanawake na watoto walikuwa mstari wa mbele. Kwa siku kadhaa mambo yaliendelea, na maduka na nyumba zilizoharibiwa Liverpool zilifikia kama 200. Polisi, wakiwa wachache, waliwachukua Wajerumani wengi na kuwaweka katika vyumba vya kituo chao, si kwa kuwa wamekosa, bali kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa salama. Ghasia zikaenea Manchester na Salford, na miji mingine ya kaskazini.

London zilianza kwa nguvu tarehe 11 na 12 Mei. Mji ule ulikuwa umegawanywa katika wilaya 21 za polisi, na ni wilaya 2 tu zilizosalimika. Watu 257 waliumizwa, na katika hao 107 walikuwa polisi na wasaidizi wao. Waliokamatwa ni 866. Nyumba na maduka yaliyoharibiwa yalikaribia 2,000. Katika Hull nako, baada ya merikebu ya hewani ya Wajerumani kutupa mabomu usiku wa 6 Juni 1915, watu waliyaendea maduka.

Tena umati haukuchagua vema. Wayahudi waliotoka Urusi walivunjiwa maduka kwa sababu majina yao yalisikika kama ya Kijerumani. Wengine walibandika karatasi dirishani wakiandika kwamba wao ni Warusi, yaani rafiki wa Uingereza katika vita ile. Huko Liverpool hata Wachina wenye kufua nguo hawakusalimika. Mtu aliyepotewa na baharia wake Mei 1915 hakupata faraja yo yote kwa kumvunjia Mchina dirisha. Lakini mkono ukiisha kuinuliwa hauulizi tena.

5. Sababu zilizochanganyika na huzuni

Tukisema huzuni ilikuwa sababu, tumesema kweli, lakini si kweli yote. Twaona nyingine nne.

Kwanza ni njaa na bei. Tangu vita ianze bei ya chakula ilikuwa imepanda. Siku duka la nyama lilipovunjwa, wengi waliofika hawakuja kulipiza kisasi bali kuchukua. Mtu aweza kujidanganya kwamba anaipenda nchi yake hali amebeba paja la nguruwe begani.

Pili ni wivu wa biashara. Mwenyeji auzaye nyama hakuhuzunika kuona mwenzake amefungiwa duka.

Tatu ni magazeti. Mhariri mmoja aliyesomwa sana, Horatio Bottomley, katika gazeti lake John Bull, aliwataka watu walipize kisasi juu ya kila Mjerumani aliye nchini, awe raia au asiwe. Maneno yake yalisomwa na watu wengi kuliko maneno ya askofu ye yote. Mtu huyu huyu alifungwa 1922 kwa kuwalaghai watu wadogo fedha zao. Na hivyo ndivyo ilivyo mara nyingi: yeye anayewafundisha maskini kumchukia jirani ana mkono wa pili mfukoni mwao.

Nne ni jina lenyewe. Mfalme wa Wajerumani, Wilhelm II, alipowaaga askari wake waendao China mwaka 1900, aliwataka watende kama Wahuni wa kale chini ya mfalme wao Attila, ili jina lao liogopwe. Twasema Wahuni, yaani lile kabila la kale. Wala tusilichanganye na mhuni wa Kiswahili, ingawa sikio laweza kudanganyika. Miaka 14 baadaye Waingereza wakalichukua neno lake, wakamwita hivyo kila Mjerumani. Neno alilolitupa mfalme akiwa na mavazi ya fahari likamwangukia mwuza soseji wa Liverpool aliyekuwa hata hamjui. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia.

6. Sheria ikaufuata umati

Sasa twafika mahali ambapo habari hii yatutia mashaka zaidi. Tarehe 13 Mei 1915, ghasia zikiwa bado, Waziri Mkuu Asquith alitangaza Bungeni kwamba wanaume wote wa nchi za adui wenye umri wa miaka 17 hata 55 wasio na uraia watazuiliwa, na wanawake, watoto na wazee watarudishwa makwao, ila watakaosamehewa na baraza maalumu. Moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa kuwalinda Wajerumani wenyewe na hasira ya watu. Basi aliyevunjiwa duka akafungwa ili asivunjiwe tena, na waliovunja wakaona kwamba waliyoyataka yametimizwa.

Kufika Novemba 1915 waliozuiliwa walipita 32,000. Kambi kubwa kupita zote ilikuwa Knockaloe, katika kisiwa cha Man, nayo ilikuja kuwa na watu 23,000 hivi nyuma ya seng'enge. Hawakupigwa wala hawakufa njaa, lakini walikaa miaka mitatu au minne bila kazi ya maana, wakizunguka mahali pamoja. Mke wa Kiingereza alibaki na duka lililovunjika na watoto wenye jina la Kijerumani. Mwaka 1916 sheria nyingine ilitoa amri ya kufungwa kwa biashara za watu wa nchi za adui.

Tena kuna jambo ambalo tungeliona kuwa hadithi kama halingekuwa la kweli. Vijana wengi, wana wa watu hawa, walikuwa wamezaliwa Uingereza, na kwa hiyo walikuwa raia. Wakaitwa jeshini. Kwa wana wa wageni adui vilifanywa vikosi viwili vya kazi katika jeshi la Middlesex, kikosi cha 30 na cha 31. Hivyo mwana alivaa mavazi ya mfalme wa Uingereza, na baba yake akawa mfungwa wa mfalme yule yule.

Na nani alilipa hasara ya maduka? Kwa sheria ya 1886 juu ya ghasia, mwenye nyumba iliyovunjwa na umati alikuwa na haki ya kudai fidia, nayo ililipwa kutoka katika kodi ya mji. Mji wa Liverpool peke yake ulidaiwa pauni 40,000 hivi. Yaani watu waliokitupa kinanda toka dirishani waliongezewa kodi ili kukilipa.

Vita ilipokwisha, wengi waliotoka kambini hawakurudi madukani kwao. Walitiwa merikebuni, wakapelekwa Ujerumani, nchi ambayo wengine hawakuwa wameiona tangu utoto. Hata Oktoba 1919 watu wa nchi za adui waliorudishwa walipita 28,000, na wengi wao walikuwa Wajerumani. Kabla ya vita Wajerumani wa Uingereza walihesabiwa 57,500 hivi. Mwaka 1919 walikuwa 22,000 hivi. Katika miji mingi makanisa yao yalipungukiwa watu, na lugha yao ikanyamaza.

7. Habari ya majina

Wengine walitaka kuokoka kwa kugeuza jina: Schmidt akataka kuwa Smith, na Müller akataka kuwa Miller. Serikali ilikataza jambo hilo tangu Oktoba 1914, ikisema mgeni adui asijifiche chini ya jina jipya. Lakini wakubwa waliweza. Mkuu wa manowari zote, Louis wa Battenberg, alijiuzulu Oktoba 1914 kwa ajili ya asili yake, na mwaka 1917 jina lake likageuzwa kuwa Mountbatten. Tarehe 17 Julai 1917 Mfalme George V mwenyewe aliliacha jina la Kijerumani la ukoo wake, akachukua jina la Windsor. Hata mbwa hawakuachwa: mbwa mchungaji wa Kijerumani alipewa jina la nchi ya Alsace. Mfalme na mbwa walibadili majina yao; mwuza nyama alikatazwa.

Twaliandika hili si kwa kuwadhihaki wakubwa, ila kwa kuwa sisi tulio na kazi ya lugha hupenda kusema jina ni jina tu. Sivyo. Jina laweza kuwa ubao juu ya mlango unaowaonyesha watu mahali pa kutupa jiwe.

8. Makanisa yalifanya nini

Hapa twasema na wenzetu makasisi. Sauti ya Kanisa haikuwa moja. Askofu wa London, Winnington-Ingram, katika hotuba yake ya majilio ya 1915, alisema kwamba Wajerumani hawana budi kuuawa, wema pamoja na wabaya, vijana pamoja na wazee. Si kwa kupenda kuua, alisema, bali kwa kuuokoa ulimwengu. Tunaamini alifikiri anawatia moyo askari. Lakini maneno yakitoka mimbarani hayachagui sikio, na katika mtaa uliovunja maduka miezi saba kabla, yule Mjerumani mwema aliye pekee wa kufikiwa ni mke wa mwoka mikate.

Wengine walitenda vingine. Tarehe 7 Agosti 1914, siku tatu tu baada ya vita kuanza, Marafiki, ambao wengi wetu twawajua kwa kazi yao ya Kaimosi tangu 1902, waliunda kamati London ya kuwasaidia Wajerumani, Waaustria na Wahungari walio taabuni. Waliwapa fedha wake walioachwa, wakawasindikiza watoto njiani, wakaingia kambini na kuwapa waliozuiliwa kazi za mikono ili wasipotewe na akili. Magazeti yaliwatukana. Wako pia majirani wasio na jina walioficha familia ya Mdachi nyuma ya nyumba yao hata umati ukapita. Hao hawakuunda kamati yo yote. Walifungua mlango wa nyuma tu.

9. Mambo yaliyotupata sisi

Asidhani mtu kwamba hayo ni makosa ya Waingereza. Katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, miaka ile ile, wamisionari wa Kiingereza wa UMCA na wa CMS walikamatwa, wakawekwa Tabora hata majeshi ya Ubelgiji yalipouingia mji huo tarehe 19 Septemba 1916. Na walimu Waafrika wa misioni hizo walipata zaidi ya hayo. Walishukiwa kuwa wapelelezi kwa sababu ya Kanisa walilobatizwa, wakatiwa minyororo na kufanyishwa kazi ngumu. Samuel Sehoza wa UMCA aliyaandika mateso hayo katika kitabu chake Mwaka katika Minyororo, kilichotoka 1921. Mwalimu wa Bonde au wa Ugogo hakuwa Mwingereza zaidi ya mwuza nyama wa Liverpool alivyokuwa jemadari wa Ujerumani; lakini alikuwa na kitabu cha sala cha watu wale, ikatosha.

Kisha gurudumu likageuka. Waingereza walipoitwaa nchi, wamisionari wa Kijerumani nao waliondolewa. Bruno Gutmann na wenzake wa Leipzig waliokaa Kilimanjaro walitolewa 1920, na mlango haukufunguliwa tena kwa Wajerumani hata 1925. Katika miaka hiyo walimu Wachaga walizishika sharika zao wenyewe, wakisaidiwa na Walutheri wa Marekani. Hivyo Kanisa la nchi hii lilikua kati ya kufukuzwa huku na kufukuzwa kule.

Wala somo halikushika. Tarehe 10 Juni 1940, siku Italia ilipoingia vitani, maduka ya Waitalia wauzao kahawa na barafu tamu yalivunjwa katika Edinburgh, Glasgow, Liverpool na London, na wenyewe wakakamatwa. Wengi wao walitiwa katika merikebu Arandora Star kupelekwa Kanada, nayo ikazamishwa na nyambizi ya Wajerumani tarehe 2 Julai 1940. Walikufa watu zaidi ya 800, na zaidi ya nusu ya hao ni Waitalia. Mwaka 1915 watu wa Liverpool walimvunjia mwenye duka kwa ajili ya merikebu iliyozamishwa; mwaka 1940 mwenye duka alizama mwenyewe kwa nyambizi ya taifa lile lile.

10. Neno la mwisho

Wahenga wetu wana methali isemayo, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wengi huitumia kuonya kwamba rafiki wa mezani atakuacha. Habari hii yaonyesha upande wake wa pili: watu walikula kwa Mdachi miaka 50, na siku moja wakamwacha. Na yule mwanasheria wa Luka 10 aliyeuliza juu ya jirani, aliuliza kwa kuwa alitaka mpaka uwekwe. Umati wa Mei 1915 uliuweka mpaka huo kwa jina lililo juu ya mlango.

Katika miji yetu na vijiji vyetu wako wenye maduka ambao asili yao ni mbali. Majina yao yako juu ya milango. Watu hukopa kwao, hulalamika juu ya bei zao, na watoto wao hukaa benchi moja na watoto wetu. Siku ya habari mbaya mwalimu na kasisi hawataweza kuanza kufundisha. Muda utakuwa umepita. Yatupasa kufanya kazi hiyo sasa, katika hesabu, katika jiografia, katika mahubiri ya Jumapili ya kawaida, na hasa katika maneno tunayowaachia watoto wayatumie juu ya jirani. Na siku yenyewe ikifika, mahali petu ni mbele ya mlango wa duka, tuwe tumefika kabla ya wa kwanza mwenye jiwe.